Leo nimekula kachumbari ndani ya togwa

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu mambo vipi! Mwenzenu leo niko Brighton Beach, Brooklyn, huku huku New York. Hizo kelele ni treni, reli imepita juu ya barabara, ikija nanyamaza kidogo.

Mtaa huu tangu miaka ya 1970 wamehamia watu wengi kutoka Muungano wa Kisovieti, hasa Wayahudi wa Odessa, mji wa Ukraine. Ngoja niwageuzie kamera mwone vibao. Kile pale kimeandikwa PECTOPAH. Nimesimama hapa nasoma "pektopa, pektopa", kumbe kwa herufi zao za Kirusi P ni R, C ni S na H ni N. Restoran! Haya, nikaingia.

Ndani sijarekodi, watu walikuwa wanakula kwa raha zao, kwa hiyo nawasimulia.

Nimeanza na kvas. Wanaloweka mkate mweusi mpaka uchachuke, wanachuja, wanakunywa. Funda la kwanza tu, jamani, togwa! Togwa ya siku ya pili, ile inayoanza kukwaruza koo. Nikafurahi, nikajiona niko kwetu Songea.

Furaha ikaisha ilipokuja okroshka. Bakuli lina matango, figili, vitunguu vya majani, yai la kuchemsha, viazi na soseji, vyote vimekatwa vidogo vidogo. Moyoni nasema, ah, kachumbari hii. Mhudumu akashika jagi la ile ile kvas, akaimwaga juu mpaka matango yakaelea! Kisha kijiko cha smetana, mtindi mzito kama siagi. Inaliwa baridi, ndiyo supu yao ya siku za joto kali. Kijiko cha kwanza nilifumba macho. Cha tatu nikafumbua. Bakuli nimelimaliza, ila msiniulize kama ni tamu, bado natafakari.

Sasa kholodets. Supu ya makongoro mnaijua? Iache kwenye friji usiku kucha, asubuhi imeganda inatikisika. Basi hawa hawaipashi! Wanaikata vipande, wanaipaka haradali au mzizi fulani wa kusagwa unaopanda puani mpaka machozi yanakutoka. Mimi kwa ushamba wangu nikamwomba mhudumu anipashie moto. Akanitazama kama nimemwomba apashe soda. Akaniambia, mwanangu, nikiipasha utakunywa mchuzi. Nikasema ndiyo hicho ninachotaka, mama! Meza ya jirani wakacheka, nikacheka nao, nikala baridi yangu.

Pelmeni sina maneno mengi: sambusa ndogo zilizokimbia mafuta zikaangukia maji ya moto. Tamu.

Chini kabisa ya menyu nikaona plov. Pilau! Ni chakula cha Wauzbeki, na kwa kuwa Uzbekistan nayo ilikuwa ya Kisovieti, limezoeleka kwenye meza za Warusi. Nyama ya kondoo, karoti za kumwaga, bizari nyembamba unainusa kabla sahani haijatua. Mdalasini hamna, karafuu hamna, iliki hamna. Wazanzibari, tulieni, nimewaona mnavyokunja uso.

Nililobakiza ndilo hili kwenye boksi, na hii chupa ni kvas. Mama, najua unaangalia. Hebu jaribu Jumapili: mwagia togwa kwenye kachumbari, weka na yai, mpe baba bila kumwambia. Halafu unipigie, nataka kumsikia mwenyewe.