Namba za shangazi ziko kwa Zuhura: tuitoe akaunti yake ya Google kwenye simu ya mama au tuiache?

RUKIA: Assalaam aleikum jamaa zetu, tumerudi tena, Rukia hapa, na Shee yuko mbele yangu na viazi karai vyake.

SHEE: Waleikum salaam. Viazi vyangu, pilipili yako. Hebu waambie watu ya shangazi maanake tangu uliponipigia nataka kuyasikia vizuri.

RUKIA: Haya. Shangazi yangu wa Majengo mwamjua, yule fundi cherehani, tushamtaja sana humu. Sasa juzi usiku saa tano hivi amemaliza mapazia ya mteja, akasema ngoja nimwambie aje kesho na pesa. Mteja mwenyewe kwenye simu yuaitwa Madam. Akatafuta Madam, ikaja, akapiga, mtu akapokea, na shangazi papo hapo kaanza, mapazia yako tayari, usije na maneno uje na hela. Yule wa pili hello, hello, shangazi ashapanda, usijifanye hunijui! Mpaka salio likaisha. Asubuhi bintiye Zuhura apiga kutoka Doha, mama kwani jana usiku ulikuwa na nini, mbona umempigia mkubwa wangu wa kazi?

SHEE: Lahaula!

RUKIA: Madam wa Doha huyo. Ile simu Zuhura ndo aliyemnunulia mamake kabla ya kusafiri, na siku ya kuifungua akaweka akaunti yake mwenyewe ya Google kwanza, ile ya mama akaja akaiongeza baadaye. Zikakaa mbili. Kwa hivo namba anazoweka Zuhura kule zashuka kwa mama Majengo, na za mama zapanda kwa Zuhura. Zuhura kule Doha akitafuta mtu aitwa Tuktuk Mrefu.

SHEE: Tuktuk nani?

RUKIA: Tuktuk Mrefu. Shangazi haandiki majina ya watu Shee, aandika kazi na tabia. Kuna Tuktuk Mrefu, Tuktuk Mpole, Tuktuk Usiku Tu. Kuna Mahamri Ukutani. Kuna Fundi Friji Harudi. Kuna Samaki Jumatano na Samaki Mwongo.

SHEE: Subiri, subiri. Samaki Mwongo ni nani?

RUKIA: Ni mtu wa samaki. Tuendelee. Shangazi akanipa simu akaniambia mwanangu nitolee huyu Zuhura humu ndani. Na mimi nikaingia kwenye setingi, pale penye akaunti, kwenye Samsung yake pameandikwa akaunti na hifadhi nakala, simu zengine pameandikwa manenosiri na akaunti, ukigusa akaunti yenyewe chini waona Ondoa akaunti. Ni kitufe kimoja tu. Hapo ndo nataka watu watulie, usikibonyeze kwanza.

SHEE: Lakini na sisi tusiwatishe watu. Kuondoa akaunti kwenye simu si kuifuta. Akaunti yabaki Google, imeili zabaki, namba zabaki, mwenyewe akifungua kwenye simu nyengine azikuta zote. Kinachotoka ni kile kilichoshuka kwenye simu hii. Kuifuta akaunti yenyewe kabisa kuko mahali kwengine, ndani ya kurasa za akaunti ya Google, huwezi kukufikia kwa bahati mbaya ukiwa wapita pita kwenye setingi.

RUKIA: Sawa, Google zabaki, lakini zabaki kwa Zuhura! Shangazi aamka asubuhi ataka Mahamri Ukutani hayupo. Wajua nilichokiona? Ukifungua programu ya Anwani za Google, ile ya namba za watu, juu kulia pana picha ya akaunti, ukiigusa wachagua uone namba za akaunti gani. Nikachagua ya shangazi, tupu, labda watu wachache aliowekewa na wajukuu. Nikachagua ya Zuhura, pomoni! Mtaa mzima, wanawake wa chama, ustadhi wa madrasa, daktari wake wa presha. Maanake simu ilikuwa yahifadhi namba mpya kwenye ile akaunti ya kwanza miaka yote hiyo na shangazi hajui. Ningebonyeza pale ningemwacha mama wa watu hana mtu.

SHEE: Na Samaki Mwongo naye kwa Zuhura?

RUKIA: Na Samaki Mwongo naye kwa Zuhura.

SHEE: Mbona bado ananunua kwake kama ni mwongo? Mimi hilo ndo nataka kujua, na wanaosikiza pia wataka kujua.

RUKIA: Samaki wake ni wazuri Shee. Uwongo ni wa saa. Akisema nimefika Mwembe Tayari jua bado yuko Likoni ang'oja feri.

SHEE: Ah, basi huyo si mwongo, huyo ni mtu wa Likoni. Feri ikichelewa yeye afanyeje, aogelee na samaki wa changu kichwani? Shangazi amemwonea. Jina libadilishwe kabla ya kuhamishwa.

RUKIA: Libadilishwe liwe nani?

SHEE: Samaki Feri.

RUKIA: Hatamjua! Ndo tabu ya mambo haya, watu wafikiri namba ni tarakimu, kumbe kwa shangazi jina alilolipa ndo lenye kumkumbusha. Ukimhamishia namba alafu ukamsafishia majina kwa adabu zako, umempotezea vilevile. Kwa hivo nilizihamisha kama zilivyo, na Harudi wake na Mwongo wake. Moja moja yawezekana, wafungua namba, vile vidoti vitatu, wahamishia akaunti nyengine. Nyingi ni afadhali utoe faili, kuna sehemu ya kupanga na kudhibiti, mna kuhamisha kwenda faili, wachagua akaunti, latoka faili moja la vcf, lile la kubebea namba, alafu waliingiza kwenye ile akaunti nyengine. Na hilo faili usilifute, jitumie mahali.

SHEE: Na zile za Zuhura mwenyewe? Madam?

RUKIA: Nilikaa na shangazi tukazipitia. Huyu wako? Si wangu. Huyu? Si wangu. Tukafika kwa moja imeandikwa Kaka Mzuri.

SHEE: Eeh!

RUKIA: Shangazi akavua miwani akaisafisha akaivaa tena. "Kaka Mzuri ni nani?" Nikamwambia shangazi hiyo si yetu, tupite. Akasema tusipite.

SHEE: Haki ya Mungu! Sasa umeona? Hapo ndo napotaka kusimama mimi. Hapo hapo kwa Kaka Mzuri.

RUKIA: Wewe wataka simama kwa Samaki Mwongo na kwa Kaka Mzuri, kipindi kitaisha hatujafika WhatsApp.

SHEE: Fika WhatsApp kisha nitarudi.

RUKIA: WhatsApp ndo ilionifanya niweke simu chini. Nimeingia setingi za gumzo, hifadhi ya gumzo, akaunti ya Google iliyowekwa pale ni ya Zuhura. Bakapu ya shangazi, ile nakala ya gumzo zake, yote yapanda kwenye akaunti ya mwanawe. Na mwajua mna nini mle, sauti za ami, Mungu amrehemu, alikuwa hapendi kuandika, kila kitu asema kwa voisi, nunua mkate, usisahau dawa. Shangazi huzisikiza. Ukiondoa akaunti leo zile sauti zipo, gumzo zakaa kwenye simu yenyewe. Lakini bakapu yasimama kimya kimya, na siku simu ikianguka chooni au ikiibiwa, waweka laini kwenye simu mpya, WhatsApp yataka ile namba pamoja na ile akaunti ya Google iliyobeba bakapu. Akaunti hiyo haipo kwenye simu, basi haioni cha kurudisha.

SHEE: Kwa hivo wabadilisha kwanza.

RUKIA: Wabadilisha pale pale, waweka akaunti ya shangazi, alafu wabonyeza kuhifadhi nakala na wang'oja mpaka imalize, uone tarehe ya leo. Kwa waifai jamani. Na hili nalo lilikuwa lamuumiza Zuhura, maanake Google wakupa nafasi ya GB 15 bure, imeili, Drive na picha zote zala humo, na tangu 2024 bakapu ya WhatsApp nayo imeanza kuhesabiwa humo humo. Zuhura imeili zilikuwa hazimuingilii, pamejaa, kumbe video za harusi za wanachama wa chama cha mamake.

SHEE: Na picha?

RUKIA: Picha zilizo kwenye simu zabaki. Ila kama mtu aliwahi kubonyeza ile ya kuongeza nafasi kwenye Google Photos, zile zishatoka kwenye simu, ziko Google tu, kwa akaunti iliyopanda nazo. Hizo zishushe kwanza. M-Pesa haiguswi, iko kwenye laini.

SHEE: Sasa narudi kwa Kaka Mzuri. Hii habari ya kuhamisha yote nakubaliana nawe. Lakini ulipomaliza, hukubonyeza Ondoa. Mwambie msikilizaji.

RUKIA: Sikubonyeza. Nilizima usawazishaji, ile ya vitu kupanda na kushuka vyenyewe, kwenye akaunti ya Zuhura nikazima anwani, kalenda, imeili, nikaacha akaunti ikae. Namba zikatulia, Madam hayuko tena, kazi imeisha.

SHEE: Haijaisha! Akaunti ya mtu mzima imo kwenye simu ya mtu mwengine. Simu ya shangazi ashika mjukuu, ashika jirani, ashika mteja akipiga picha ya kitambaa. Gmail ya Zuhura yafunguka, usawazishaji hata ukizimwa si kufuli, mtu auwasha kwa kidole. Na ikipokonywa pale stejini, pini ya shangazi ni mwaka wake wa kuzaliwa na Majengo nzima yaijua, mwizi aingia mpaka kwenye paswadi za Zuhura zilizohifadhiwa. Msichana yuko ugenini atafuta riziki, mambo yake yote yako kwenye pochi ya mamake.

RUKIA: Ni mamake, Shee.

SHEE: Hata mamake! Kwa mamake zaidi! Mtu wa umri ule ana haki ya kuwa na Kaka Mzuri wake bila kuitwa kikao.

RUKIA: Mimi sisemi kuhusu Kaka Mzuri. Nasema hivi, Zuhura ameweka uthibitishaji wa hatua mbili, paswadi peke yake haimuingizi. Akiingia kwenye simu mpya, Google hutuma ile alama ya ndiyo ni mimi kwenye simu zilizo na akaunti yake. Simu zake ni mbili tu, yake na hii ya mamake. Akiibiwa yake Doha, laini imeenda nayo, nani atambonyezea ndiyo? Ni shangazi, huku. Hiyo akaunti ni mlango wake wa nyuma wa kurudi nyumbani.

SHEE: Zipo namba za siri za dharura za kuingilia kwenye akaunti, Google wakupa kumi, waziandika karatasini.

RUKIA: Karatasi yahama nyumba na mtu? Zuhura ashahama vyumba kule mimi hata sijui vingapi. Karatasi itabaki chini ya godoro la mtu.

SHEE: Basi azitume kwa mamake azitie kwenye kabati la vitambaa. Na nikwambie lengine. Siku shangazi atakapompa mjukuu hiyo simu, na mjukuu airiseti kwa vitufe, aifute yote ianze upya, Android tangu 5.1 mwaka 2015 ina ulinzi, simu ikiwaka yauliza paswadi ya akaunti iliyokuwemo. Shangazi yake haikumbuki. Ya Zuhura hawana. Simu imekuwa kigae.

RUKIA: Ah ah, hapo wajisaidia vibaya. Kama shangazi haikumbuki yake, basi ukitoa ya Zuhura wabaki na ile moja isiyokumbukwa, ndo umefunga kabisa. Ikiwemo ya Zuhura, tampigia Doha nimwambie nipe paswadi.

SHEE: Dawa ni kumtengezea shangazi paswadi atakayoikumbuka, si kumuweka Zuhura rehani!

RUKIA: Rehani? Mtoto na mamake ni rehani?

SHEE: Mimi ningeitoa leo.

RUKIA: Na mimi ningeiacha, nimeiacha, na nitaiacha mpaka Zuhura mwenyewe aniambie.

SHEE: Umemuuliza?

RUKIA: Yuko zamu ya usiku wiki hii. Ameandika tu, mwambie mama asimpigie Madam.

SHEE: Na yeye aweza kuitoa akiwa huko huko, aingia kwenye akaunti yake, usalama, vifaa vyako, achagua simu ya mama, aondoka. Hahitaji ruhusa yako.

RUKIA: Basi aitoe yeye, alafu mkono wangu haumo.

SHEE: Lakini akiitoa kabla bakapu haijamaliza...

RUKIA: Imemaliza. Nimeona tarehe.

SHEE: Sawa. Wale wa kipindi cha saa moja washafika mlangoni, nawaona kwenye kioo. Tulikuwa tumeandaa mambo matano hapa, tumefika... la pili?

RUKIA: La pili nusu. Ya akaunti ya kazini hatujagusa, ile ambayo mwajiri akikuwekea kwenye simu huwa ina wasifu wake wa kazi, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya simu, na ukiuondoa watoka na vyote vilivyo ndani. Na wa iPhone wametuandikia sana, mtusamehe, ile ya iCloud, ya Apple wenyewe, ni hadithi nyengine kabisa, si kama kutoa Gmail.

SHEE: Na yule aliyeuliza ya akaunti aliyoitoa kitambo akaisahau, wewe ifungue hata leo usiku, maanake Google tangu Disemba 2023 waweza kufuta akaunti isiyotumiwa miaka miwili. Hiyo ndo kufutika kwenyewe sasa.

RUKIA: Wafungua mlango hao. Shee beba sahani yako.

SHEE: Mwambie shangazi anitumie namba ya Samaki Mwongo, kesho nataka changu.

RUKIA: Mpigie alfajiri kama wataka chakula cha mchana.