Choo Kilicho Chini ya Maji: Mhadhara kwa Mafundi Bomba Wanafunzi, Moshi

Marahaba wanangu, marahaba. Kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, kwa sababu leo nina vitu vya kuwapa mkononi, na mtu aliye mbali hataona kitu.

Mwalimu wenu ameniomba nizungumzie vyoo vya boti za tanga. Najua kuna wanaojiuliza, hapa Moshi boti iko wapi? Boti haipo. Lakini mimi nilijifunzia bomba mji huuhuu, nikashuka Tanga kutafuta kazi, na kazi niliyoikuta ni hiyo. Wapo miongoni mwenu watakaoshuka Tanga, Dar es Salaam au Unguja. Sitaki mshuke na kosa nililoshuka nalo mimi.

Kosa lenyewe ni hili. Sisi watu wa mlimani tumekua tukiona maji yanateremka. Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, unatoka juu huko msituni, unapita shamba la babu, unaingia kwenye migomba, unaendelea kwa jirani. Hakuna anayeusukuma. Choo cha nyumbani nacho ni hivyohivyo: unavuta, maji yanashuka, yanakwenda kwenye shimo au septiki, basi. Ukisikia choo kimeharibika, akili inakimbilia neno moja tu, kimeziba.

Kwenye boti ya tanga, bakuli la choo mara nyingi liko chini ya usawa wa bahari. Fikirini hilo polepole. Bahari iko juu yako, nje ya ubavu, inakusukuma saa ishirini na nne. Kuna matundu mawili yametobolewa ubavuni: moja la kuingizia maji ya kusafishia, mpira wake una kipenyo cha milimita 19, la pili la kutolea uchafu, milimita 38. Kila tundu lina koki yake. Hili la milimita 38, likiwa nusu mita chini ya usawa wa maji na mpira ukachomoka, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pipa la lita 200 linajaa kabla ya dakika mbili kwisha. Kwa hiyo fundi anayeingia chooni kwenye boti anagusa kwanza zile koki mbili. Anazifunga kwa mkono wake mwenyewe, hata kama nahodha amemwambia zimefungwa. Pembeni ya kila koki kuwe na kizibo cha mti laini, kimechongwa kama karoti, kimefungwa kwa kamba palepale. Koki ikivunjika, unakigongomea humo.

Na hapo niseme jambo la dukani. Nyie mmezoea geti vali ya brasi, inapatikana kila duka la vifaa mjini. Msiifunge kwenye ubavu wa boti. Brasi ina zinki ndani yake, na maji ya chumvi huila hiyo zinki taratibu. Kwa nje vali inaonekana nzima, ila rangi inaanza kuwa ya waridi, na siku unayoizungusha inakatika kama biskuti. Tumieni bronzi, au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na kila ncha ya mpira ifungwe klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Moja haitoshi.

Haya, pampu. Hii hapa mezani nimeikata ubavu mmoja ili muone ndani. Ni pampu ya mkono, ina pistoni moja inayofanya kazi mbili. Ukivuta mpini juu, chini ya pistoni panapanuka, uchafu unanyonywa kutoka kwenye bakuli. Wakati huohuo maji yaliyo juu ya pistoni yanasukumwa kwenda kusuuza bakuli. Ukishindilia chini, uchafu unasukumwa kwenda nje, na juu ya pistoni panavuta maji mapya ya bahari. Mkishaelewa hivyo, mkono wenu wenyewe utawaambia tatizo liko upande gani.

Mpini mgumu ukishindilia, na bakuli linapata maji ila hayashuki: tatizo liko kwenye njia ya kutoka. Mpini mgumu na bakuli halipati tone: angalia njia ya kuingia, labda koki imefungwa, au mfuko wa plastiki umenasa ubavuni, au mwani, au wale viumbe wadogo wenye magamba wanaogandama kwenye tundu. Mpini mwepesi mno na hakuna maji: pampu inanyonya hewa, klipu imelegea au mpira una ufa. Mpini unakwaruza juu na chini, unalia: oringi, ile pete ya mpira ya pistoni, imekauka. Hiyo ya mwisho inatibiwa kwa grisi ya silikoni kidogo. Ukiwa safarini na huna, kijiko cha mafuta ya kupikia kitakufikisha bandarini. Mafuta ya petroli usiyasogeze, mpira mwingine huvimba.

Sasa nataka tukae kwenye tatizo moja kwa muda mrefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha: bakuli linalojaa lenyewe.

Mwaka wangu wa pili Tanga niliitwa kwenye boti iliyotia nanga, baba, mama na watoto wawili. Kila asubuhi wanakuta bakuli limejaa. Mimi nikajua nimejua. Kwenye mdomo wa kutolea wa pampu kuna kijipira hiki, ngoja nikionyeshe. Sisi mafundi tulikiita mdomo wa bata. Kina midomo miwili inayokutana. Uchafu ukitoka inafunguka, ukitaka kurudi inajifunga. Kikichakaa, kilichopanda kwenye mpira wa kutolea kinarudi bakulini. Nikafungua, nikaweka kipya, nikapokea fedha yangu, nikashuka.

Usiku uleule maji yakajaa bakuli, yakamwagika, yakaingia ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Mama aliamka kwa sababu mkono wa mtoto aliyelala chini ulikuwa ndani ya maji. Walifunga koki, wakafua maji kwa ndoo mpaka alfajiri. Hakuna aliyeumia. Lakini niliposimama mbele ya yule mama asubuhi, na mtoto bado amejifunga khanga yake kwa baridi, nilijua kwamba nilitengeneza kitu bila kuuliza maji yanatoka wapi.

Ningeuliza, jibu lilikuwa ndani ya bakuli. Maji yale yalikuwa meupe, yana vipande vidogo vya mwani. Hayo ni maji ya bahari safi, yameingia kwa mlango wa mbele. Yangekuwa ya rangi na harufu, yangekuwa yamerudi kwa mlango wa nyuma, na mdomo wa bata ndio ungekuwa mkosaji. Kama huna hakika, kausha bakuli, funga koki ya kuingizia peke yake, subiri saa moja. Likibaki kavu, umemjua mwizi. Likijaa tena, funga ile ya pili uangalie. Jaribio lote hilo halihitaji hata bisibisi.

Kwa nini maji yaliingia? Hapa watoto wa mfongo tunaelewa upesi. Mnajua ukitaka kutoa maji kwenye pipa bila kulitoboa, unaingiza mpira, unanyonya, maji yanapanda ukingo wa pipa kisha yanashuka upande wa pili, na hayakomi mpaka usawa ulingane au hewa iingie. Boti ni pipa lililogeuzwa: maji yako nje, na wewe uko ndani. Kwa hiyo mpira hupandishwa juu ya usawa wa bahari, ukakunjwa kama upinde, na kileleni mwa upinde huwekwa kivali kidogo cha kuingiza hewa ili kukata mvuto. Kwenye boti ile kivali kilikuwepo. Kilikuwa kimeziba kwa chumvi. Nilikichomoa, nikakiosha kwa maji matamu ya uvuguvugu, nikakipuliza kwa mdomo mpaka kikapitisha. Kazi ya dakika kumi. Na mjue kwamba boti ikienda kwa tanga hulala upande, choo kilichokuwa salama bandarini kikazama zaidi upande ule. Upinde upimwe kwa hali hiyo, uinuliwe juu vya kutosha.

Pokezaneni hiki sasa. Ni mdomo wa bata wa zamani, nimeutoa kwenye boti nyingine. Uinueni kwenye mwanga wa dirisha. Mnaona midomo haikutani? Mnaona huo ugamba mweupe ulioshika kingo kama ganda la yai? Pitisheni kucha. Huo ni mkojo na maji ya bahari. Mkojo ukikaa kwenye bomba huchacha, unakuwa kama magadi. Kalisi iliyomo kwenye maji ya bahari haiwezi tena kubaki imeyeyuka, inaganda kuwa jiwe. Wenzetu wa Arusha wanajua maji yanavyobeba kitu kisichoonekana: floraidi ya maji ya kule huonekana baadaye, kwenye meno ya kahawia. Chumvi hizi nazo huzioni siku zinapopita. Unazikuta zimeufanya mpira wa milimita 38 uwe na tundu la kidole gumba.

Sasa tazameni glasi hii. Hiki ni kipande cha ugamba uleule, na hii ni siki ya dukani. Mnaona mapovu? Hewa ya ukaa inatoka, jiwe linayeyuka. Mwenye boti akimwaga siki usiku na kuiacha ndani ya bomba mpaka asubuhi, mara moja kwa wiki, bomba lake litadumu. Ugamba ukiwa umeshakuwa mnene, ni kuchomoa mpira na kuubadilisha.

Umeuliza vizuri, binti yangu, kwa nini tusimwage tu ile dawa kali ya kuzibulia masinki. Kwa sababu inakula mpira na inachemka ndani ya bomba. Utakayefungua baadaye ni wewe, uso wako uko juu yake. Na lingine zito zaidi: jiki na siki visikutane. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na choo cha boti ni kijumba cha mita moja kwa mita moja, kidirisha kimoja. Kama jana walimwaga jiki, leo suuza kwanza kwa maji mengi.

Lakini kinga ya ugamba ni kupiga pampu vya kutosha. Mita moja ya mpira wa milimita 38 inabeba lita moja na kidogo. Mpira ukiwa na mita tatu, lazima upitishe zaidi ya lita tatu ili mkojo utoke wote. Pimeni kwa ndoo pampu ya boti ile inatoa kiasi gani kwa mipigo kumi, kisha mwandikieni mwenye boti idadi ya mipigo, ibandikwe ukutani. Karibu na hiyo aandike sheria ya mabaharia: chooni hakiingii kitu ambacho hakijapita mdomoni mwako, isipokuwa karatasi kidogo.

Harufu nayo ina upelelezi wake. Harufu ya yai bovu, inayokuja na mpigo wa kwanza asubuhi, siyo uchafu wa mtu. Ni vijidudu na mwani vilivyokufa kwenye mpira wa kuingizia. Suluhisho ni kumaliza safari kwa kuvutisha maji matamu: funga koki ya kuingizia, chomoa mpira, utie kwenye ndoo ya maji safi, upige pampu. Harufu ya choo yenyewe, inayokaa siku zote hata ukisafisha, huenda imepenya ukuta wa mpira. Chukua kitambaa safi, kiloweke kwenye maji ya moto, kikamue, kikunje kuzunguka mpira, kikipoa kinuse. Kikinuka, mpira umekwisha.

Kama kuna tanki la uchafu na mpini unazidi kuwa mgumu kila siku, kabla ya kufungua pampu angalieni kipumulio cha tanki. Kikiziba, hewa haina pa kutoka, unashindilia gesi. Usifungue kifuniko cha juu kwa haraka, na vaa miwani.

Tanki hilo watu wengi wanaliona ni usumbufu, wanataka mpira uende moja kwa moja baharini. Kanuni za kimataifa za meli, kwa meli kubwa na zinazobeba watu zaidi ya 15, zinataka uchafu usiotibiwa umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Boti ndogo nyingi hazimo kwenye kanuni hiyo. Lakini mimi nimeona Unguja akina mama wamesimama kwenye maji ya magotini, maji yamekupwa, wanafunga mwani kwenye kamba, na boti imetia nanga mita mia mbili mbele yao. Fundi ukipewa kazi ya kutoa tanki, mweleze mwenye boti nani anasimama kwenye maji hayo. Mimi kazi hiyo nimeikataa mara tatu, na sijutii fedha yake.

Haya, maneno yametosha. Njooni wannewanne. Kuna pampu mbili nzima hapa. Moja nimeiharibu makusudi, sisemi wapi. Kuna ndoo, kuna maji yaliyotiwa rangi nyekundu ili muone yanarudi kwa njia gani. Msiguse spana kabla hamjaniambia maji yanatoka wapi. Mwanzo ni nyie wa dirishani.