Shamba la Anathothi: Kumtumaini Mungu Mataifa Yanapotikisika

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma, karibuni. Jioni hii hapa Arusha tufungue Yeremia 32, tuisome mstari kwa mstari, kama mtu anavyosoma hati ya kiwanja kabla ya kutoa fedha.

Ni mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda, yapata 587 KK. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, limeuzingira Yerusalemu, naye nabii Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi. Hanameli, mwana wa ami yake, anamjia na shamba la kuuza huko Anathothi, kilomita 5 hivi nje ya mji, upande walikotanda Wakaldayo, yaani hao Wababeli. Nani ananunua shamba kama hilo? Yeremia ananunua. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, karibu gramu 200. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Hati ni mbili: moja imefungwa kwa muhuri isichezewe, nyingine iko wazi isomwe. Baruku, mwandishi wake, anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi.

Angalieni utaratibu wake. Sala inaanzia mstari wa 16, hati zikiwa zimeshakabidhiwa. Mstari wa 17 anakiri, "hapana neno lililo gumu usiloliweza." Kisha mstari wa 25 anauliza: umeniambia ninunue shamba, na mji uko mikononi mwa Wakaldayo? Swali limo ndani ya imani yenyewe, na Mungu analijibu bila kumkemea. Wapendwa, msimnyamazishe anayeuliza.

Sasa someni sura ya 28. Hanania, nabii wa uongo, anatangaza kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka 2. Yeremia anasema "Amina", maana naye alitamani iwe hivyo. Haikuwa. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa 7. Barua ya Yeremia katika sura ya 29 ikawaambia mateka waliokuwa Babeli habari ngumu zaidi: miaka 70, kwa hiyo jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni amani mji mliomo. Babeli ikaanguka mbele ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK, na katika orodha ya waliorudi, Ezra 2:23, wamo watu wa Anathothi, 128.

Hapa ndipo tunapoumizana. Mhubiri anapoipangia vita au ugonjwa tarehe ya kwisha, tarehe ikapita, wako wanaomwacha mhubiri na wako wanaomwacha Mungu. Inaniuma sana.

Kosa la pili ni kumbebesha Mungu damu ya watu. Isaya 10 inaiita Ashuru fimbo ya Mungu, lakini mstari wa 12 unasema mfalme wake ataadhibiwa kwa kiburi chake. Mji wetu unalijua jambo hili. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza. Asije mtu akasema Mungu alishindwa, wala akasema wauaji walimtumikia. Hapahapa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Kumwamini Mungu mwenye enzi kunataka mashahidi, majalada na mahakimu, vilevile kulivyotaka mizani na muhuri.

Kwa hiyo vikundi vya maombi, anzeni na 1 Timotheo 2:1-2. Chagueni nchi moja kwa juma, si kumi. Mmoja wenu aandae habari zake kwa dakika 10, na taarifa ya WhatsApp isiombewe mpaka ionekane katika vyombo viwili vya habari vinavyoaminika. Maombi mengi yanaharibikia kwenye uvumi. Waombeeni watawala, kisha wakimbizi, kisha pande zote mbili za vita, hata ule usioupenda. Andikeni kwenye daftari mlichoomba na siku mliyoomba, bila kumwandikia Mungu siku ya kujibu. Mkimaliza, kabla hamjatawanyika, mweka hazina asome sadaka iliyopatikana kwa ajili ya wakimbizi, na ataje nani ataipeleka na lini.