Barua ya polisi na sweta ya manjano

Asanteni kwa kuja na mvua hii yote. Leo nataka tuongee kuhusu mama mzazi tu, yule aliyemzaa mtoto tuliyemwasili, manake wengi wetu tunaongea na watoto wetu mambo yote lakini tukifika hapo tunabadilisha stori.

Mlioasili hapa Kenya mnaijua ile faili. Mtoto akiokotwa polisi wanaandika OB, yaani kwenye kitabu chao cha matukio, anapelekwa makao ya watoto, halafu inangojwa miezi 6 ndio polisi watoe barua ya mwisho kwamba hakuna mtu amejitokeza kumuulizia, ndio itangazwe kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa, unakaa naye miezi 3, ndio uende kortini. Sasa kwa wengi wetu hiyo barua ndiyo kila kitu tunachojua kuhusu aliyemzaa. Yangu ina mistari saba. Mtoto mchanga wa kike, kando ya barabara, asubuhi, amevaa sweta ya manjano.

Binti yangu alikuwa na miaka 6, namsuka, akaniuliza, mami, mama aliyenizaa alinitupa? Mikono ilisimama kwa nywele. Hilo neno sikumfunza mimi, kuna mtu wa familia alilisema jikoni akidhani mtoto anacheza. Jamani hilo neno tuliache kabisa, kinachotupwa ni takataka.

Na hapo kwa kuogopa nikajibu vile wengi hujibu, nikamwambia mamako alikupenda sana ndio maana akakuacha. Wiki hiyo yote nikitaka kwenda sokoni ananishika gauni, analia, na mimi sielewi, mpaka usiku mmoja ndio nikashtuka, kwani si mimi kila siku humwambia nampenda? Alikuwa anangoja siku yangu ya kumwacha. Na tena nilikuwa nimemdanganya, sikujua kama alipendwa, hakuna mahali barua inasema hivyo.

Basi nikatoa ile faili nikamsomea pole pole. Nikamwambia kuna mtu alikuvisha sweta, hiyo tunajua. Kwa nini aliondoka hatujui. Na mimi siendi. Akauliza sweta ilikuwa na vifungo, nikasema haijaandikwa.

Kwa hiyo mwambieni mtoto mnachokijua, na msichokijua semeni hamjui, msimjazie. Anzeni akiwa mdogo mkimwogesha, hata kama haelewi, ili asije akakumbuka siku moja ya kuitwa sebuleni na kuambiwa. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na kwetu kinachowezekana ni hiyo mistari saba, basi mpeni yote saba. Ndugu Waislamu mnaolea kwa kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine huku akibaki na nasaba yake, mmetutangulia hapa, kwenye Kurani sura ya Al-Ahzab aya ya 5 inasema waiteni kwa baba zao, nasaba ya mtoto haifichwi.

Sasa ana miaka 11. Kopi ya barua iko kwa droo yake, sio yangu. Juzi tunakunja nguo akauliza, unadhani huwa ananikumbuka? Nikamwambia sijui mama, hata mimi huwa najiuliza. Akanyamaza kidogo, akanipitishia shuka tukunje pamoja.