Moshi au Vumbi? Kusoma Anga kwa Picha za Setilaiti

Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kufika, maana foleni ya leo kutoka Mbagala na Tegeta naijua.

Hebu tazameni picha iliyopo ukutani. Ni ya mwezi wa tisa. Huo utandu wa kijivu juu ya Katavi na Tabora si wingu, ni moshi wa miombo, yaani misitu yetu ya nyanda kavu, inayoungua. Kila kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, misitu na nyasi huungua hapa kwetu, Zambia, Angola na Kongo. Hakuna bara lenye eneo kubwa linaloungua kila mwaka kuliko Afrika. Ndiyo maana nasema kazi hii ya kusoma anga ni yetu, tusingoje watusomee wengine.

Sasa, tunajuaje kuwa ni moshi na si vumbi? Kwa macho, vyote hufanana. Lakini juu ya ikweta, kwenye Bahari ya Hindi, kuna setilaiti ya hali ya hewa iitwayo Meteosat, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Hupiga picha kila baada ya dakika 15, na nyingine hazitegemei jua bali mionzi ya joto inayotoka ardhini. Chembe za vumbi ni kubwa kiasi na zina madini ya mchanga, kwa hiyo huzuia mionzi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.8 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita) zaidi ya ile ya mikromita 12. Tofauti hiyo ndogo hupewa rangi, na vumbi linatokea waridi, usiku na mchana. Chembe za moshi ni ndogo mno, mionzi hiyo inazipita tu. Basi utandu ukionekana kwenye picha ya kawaida ukapotea kwenye picha ya joto, shuku moshi. Ukitaka uhakika zaidi, fungua vipimo vya Sentinel-5P, setilaiti ya kupima gesi za angani iliyorushwa Oktoba 2017, uangalie gesi ya kaboni monoksidi. Moto huitoa kwa wingi. Vumbi la Sahara haliitoi.

Kuhusu nukta nyekundu za moto ambazo NASA, shirika la anga la Marekani, huzitoa bure kwenye ramani ya moto ya mtandaoni iitwayo FIRMS, niseme moja tu. Kifaa cha VIIRS, kinachobebwa na setilaiti, huona ardhi kwa vipande vya mita 375, na hupita kwetu karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Nukta haina maana kwamba kipande chote kimeungua. Na moto uliowashwa saa kumi jioni ukazimika saa tatu usiku, huenda usionekane kabisa.

Jambo linalonikera ni watu kuona utandu kwenye picha na kutangaza kwamba Dar inavuta moshi wa Tabora. Setilaiti hutazama hewa yote kutoka juu mpaka chini kwa pamoja. Moshi unaweza kuwa kilomita tatu juu ya vichwa vyetu. Tena miezi hiyo kusi inavuma kutoka baharini na kuusukuma moshi wa bara kuelekea magharibi. Ule wa Angola huishia juu ya Atlantiki. Kabla ya kutangaza chochote, uliza upepo.

Kuna swali la mama yetu wa Vingunguti: mbona kwake kuna moshi kila asubuhi na ramani haina hata nukta? Mama, moto wa taka ni mdogo, na setilaiti inapopita mchana umeshazimika. Asubuhi hewa ya chini bado ni baridi, haipandi, kwa hiyo moshi hubaki mtaani. Hapo tunahitaji kihisi cha chembe ndogo, zisizozidi mikromita 2.5, dirishani kwako. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Andika namba, saa, na upepo unatoka wapi, utuletee. Tutaziweka kando ya picha ya siku hiyohiyo.