Tasnifu Ipelekwe Kisimani: Kuhusu Masharti Mapya ya Uzamili wa Uhandisi

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya walimu, wanafunzi wa uzamili na wahandisi wa kazini

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wahandisi mlioacha shughuli zenu mchana huu mkaja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi wa uzamili mliojaa huko nyuma: asanteni sana. Rasimu ya masharti mnayo mkononi na wengi mmeshaisoma, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Rasimu inagusa mengi: masomo ya lazima, alama za kufaulu, muda wa mwisho wa kuwa masomoni, uteuzi wa watahini. Sehemu kubwa ni ya kunyoosha tu, na sina ugomvi nayo. Hoja yangu ni moja. Tuondoe sharti kwamba mwanafunzi wa uzamili hahitimu mpaka makala yake ikubaliwe na jarida. Mahali pake tuweke sharti kwamba kazi yake ipimwe nje ya maabara, pale tatizo lilipo.

Tuanze na hesabu. Mfumo wa sifa wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unataka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maabara, maktaba, hata usiku anapojisomea chumbani. Jumla ni saa 1,800. Tasnifu ikipewa krediti 60, hizo ni saa 600. Kwa mtu wa saa 40 kwa wiki, ni wiki 15. Ndani ya wiki hizo asome yaliyoandikwa, apange majaribio, ayafanye, achambue, aandike, atetee. Sasa tafuteni humo saa za kuandika makala, kuituma, kuwasubiri wapitiaji, kuirekebisha na kuituma tena. Hazimo. Tumemwekea mtu sharti ambalo hatukulitengea hata krediti moja, na anayebeba gharama ni yeye: ada ya kuendelea kusajiliwa, pango, na mwajiri anayemuuliza kila mwezi atarudi lini kazini.

Mtu aliyebanwa hivyo, mahafali yamekaribia, anapokea barua pepe ya jarida linalomwahidi majibu ndani ya siku chache akilipa tu. Majarida ya kitapeli yanajulikana. Jeffrey Beall, mkutubi wa chuo kikuu kimoja cha Colorado, Marekani, alikuwa akiyaorodhesha hadharani mpaka Januari 2017 orodha yake ilipoondolewa mtandaoni. Biashara yenyewe haikuondoka. Nasema kwa uchungu kabisa: sharti lililowekwa ili kuinua ubora linamsukuma kijana mwadilifu kwenye mlango wa tapeli. Na yale majarida ya wazi yenye heshima, yanayosomwa bure mtandaoni, mengi yanatoza zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja. Nani hapa ana pesa hizo za kumlipia kila mwanafunzi?

Wengine wamekwisha kulitafakari jambo hili, tena kwa ngazi ya uzamivu ambako hoja ya kuchapisha ina nguvu zaidi. Chuo Kikuu cha Tsinghua kule Beijing kiliacha mwaka 2019 kumlazimisha kila mwanafunzi wa uzamivu kuchapisha kabla ya kupewa shahada. India iliondoa sharti kama hilo katika kanuni za uzamivu za Novemba 2022. Sheria mpya ya shahada ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inamruhusu mwanafunzi wa shahada za kitaalamu, yaani za kuandaa watu wa fani kama uhandisi, kutetea matokeo ya kazi ya vitendo badala ya tasnifu peke yake. Hizi ni nchi zenye njaa kubwa ya machapisho, na bado zimeona kwamba kufuli hilo halifungi mlango uliokusudiwa.

Sasa niseme tunachoweka badala yake, maana hapo ndipo penye kazi.

Maji ya miteremko ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba yake ya volkano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 vijijini kwa kukosa chanzo kingine. Matokeo tunayaona kwenye meno ya watoto, na kwa waliokunywa maji hayo maisha yao yote, kwenye mifupa na viungo. Kituo cha Ngurdoto kimeshughulika kwa muda mrefu na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na ni mada inayowavutia wanafunzi wetu.

Mwanafunzi anachoma mifupa kwenye tanuri la maabara. Joto likiwa dogo, mabaki ya nyama na mafuta hayaungui yakaisha, na maji yanatoka na harufu. Likizidi, mfupa unabadilika muundo na uwezo wake wa kunasa floraidi unashuka. Akipata joto sawasawa, anasaga, anachekecha, anatenga chembe za ukubwa mmoja. Kisha anachukua maji ya maabara yasiyo na chumvi yoyote, anayeyusha humo sodiamu floraidi, anayapitisha kwenye mkaa na kuchora grafu. Grafu hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini maji ya Ngarenanyuki, kwenye miteremko hiyo ya Meru, hayana floraidi peke yake. Yana bikaboneti nyingi na pH yake, kipimo cha asidi na alkali, iko juu, na vyote viwili vinapunguza unasaji. Chujio ambalo kwa hesabu za maabara lingedumu miezi linaweza kuchoka mapema mno. Na kwa kuwa floraidi haina rangi, ladha wala harufu, mama wa nyumba anaendelea kuwakingia watoto wake maji akiamini ni salama.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi akikaa na chujio lake kijijini wiki 6 tu, atakutana na maswali ambayo jarida halikumuuliza. Nani atapima floraidi mwezi wa nne tangu chujio lianze kazi, wakati elektrodi ya kupimia inahitaji vimiminika vya kulinganishia vinavyonunuliwa mjini? Mkaa uliochoka utatupwa wapi? Wako watakaouliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje, na wana haki ya kujibiwa. Huo wote ni uhandisi.

Tatizo hili haliko kwenye maji ya kunywa peke yake. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, ilikamilika mwaka 1987, mifereji imepimwa vizuri. Wakulima wa juu ya mto walipoona mpunga unavyolipa, nao wakalima mpunga, na maji ya kule chini yakapungua. Jambo hilo huwezi kulipata kwenye kompyuta usipokwenda kuongea na wanaogawana maji.

Kwa hiyo napendekeza hivi: masomo ya darasani yapunguzwe kutoka krediti 120 hadi 100, tasnifu ipande hadi 80, na katika hizo 24 ziwe za majaribio ya uwandani. Ni saa 240, yaani zile wiki 6. Mmoja wa watahini awe mhandisi wa kazini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi yenyewe haimsajili mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu kwa cheti peke yake. Inataka kuona kazi aliyoifanya chini ya mhandisi mzoefu. Na mwanafunzi aandike kurasa 2 za Kiswahili, azikabidhi kwa waliompokea: jumuiya ya watumia maji, ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, karakana, yeyote yule. Watu waliompa maji yao na muda wao wasiachwe bila majibu.

Nimeulizwa na walimu wa udhibiti na wa umeme: sisi tunaofanya mahesabu ya kompyuta tuende wapi? Nendeni kwenye pampu moja inayofanya kazi, au njia moja ya umeme yenye kumbukumbu za mzigo, mkapime modeli yenu kwa takwimu hizo. Hilo linatosha.

Nimeulizwa pia kama tunawanyima wanafunzi nafasi ya uzamivu ng'ambo, ambako makala husaidia. Hapana. Anayetaka kuchapisha achapishe, na msimamizi ana wajibu wa kumsaidia. Kazi iliyopimwa uwandani ndiyo yenye kitu cha kuchapisha.

Nije kwetu wasimamizi. Sharti lolote jipya kwa mwanafunzi litakuwa dhuluma kama sisi hatubanwi. Sura ya tasnifu ikiletwa, irudi na maoni ndani ya wiki 3. Ikipita hapo, mratibu wa uzamili aandikiwe, na muda uliopotea usihesabiwe juu ya mwanafunzi. Najua wengi wetu tuna wanafunzi wengi na vipindi vya shahada ya kwanza. Basi tupokee wachache.

Lililobaki ni la wanafunzi walio katikati ya masomo, na naliona zito kuliko yote kwa sababu linagusa watu waliokwisha kulipa ada kwa makubaliano fulani. Aliyesajiliwa kwa masharti ya zamani amalize kwa hayo, isipokuwa mwenyewe akiomba kwa maandishi kuhamia mapya, na asipoteze krediti alizokwisha kupata. Aliyekamilisha tasnifu na anasubiri jarida peke yake, naomba bodi ya kitivo impeleke seneti bila kusubiri mtaala mpya upite TCU. Wanafunzi wa jioni wana shida yao: wiki 6 mfululizo mwajiri hatazitoa. Bado sijasema kama wanaweza kuzigawa kwa vipande vya siku chache chache. Mimi naona waweze, ilimradi majaribio yenyewe yasikatike na kuwe na mtu wa kuchukua vipimo siku ambazo mwanafunzi hayupo. Hapo ndipo nawaomba wanafunzi wa jioni mlioko humu mseme sasa, kabla kikao cha bodi hakijakaa.