Pesheni Yako Inatoa Maua Lakini Haizai? Toka Uani Saa Nane Mchana

Habari zenu, karibuni uani kwangu hapa Tanga. Leo tunashughulika na pesheni ya njano, wengine huiita karakara, ile inayopenda joto la pwani. Ya zambarau, ya kule milimani Lushoto, mara nyingi huzaa bila kusaidiwa kwa mkono, yaani bila kupakaziwa chavua, ule unga wa maua, kutoka mmea mwingine.

Tafuta matunda mawili yaliyoiva, kutoka nyumba mbili tofauti. Kamua, osha mbegu mpaka ute wote utoke, panda kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Zikiwa mbichi huota baada ya wiki mbili tatu. Usikate pingili mbili za mmea mmoja ukadhani una mimea miwili. Bado ni mmoja, na utaona kwa nini nasisitiza.

Miche ikifika futi moja, chimba mashimo ya sentimita 60, kina na upana, uchanganye udongo wa juu na debe la samadi iliyooza. Acha mita 3 kati ya mche na mche. Maji yasituame shinani, litaoza. Vuta waya juu ya nguzo, acha chipukizi moja tu lipande mpaka kwenye waya.

Sasa sogea hapa. Mmea huu kwa miaka miwili ulichanua na maua yakapukutika yote. Nikaongeza samadi, ukazidi majani tu. Kumbe ulikuwa peke yake! Pesheni ya njano haipokei chavua yake yenyewe, inataka ya mmea mwingine. Na mbebaji wake mkuu ni yule mdudu mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba. Tafadhali msimuue. Mwekeeni gogo kavu pembeni, atoboe huko.

Akiwa haba, fanya kazi yake. Ua hufunguka adhuhuri, kwa hiyo toka saa nane. Unaona vichwa hivi vitano vyenye unga wa njano? Na hivi vidole vitatu hapa juu? Vidole vikiwa bado vimesimama wima, subiri. Vikishainama, chota unga kwa brashi laini, nenda mmea wa pili, pakaza vidole vyote vitatu. Kisha chota kule, ulete huku. Siku ya mvua usihangaike, chavua ikilowa hupasuka.

Baada ya siku chache utaona kitunda cha kijani kimevimba. Ua lililokosa chavua litakuwa limeshaanguka.

Hesabu kama miezi miwili na nusu. Usichume! Likiiva linadondoka lenyewe. Tandika majani makavu chini, uokote kila asubuhi. Liweke ndani siku mbili tatu mpaka ganda lianze kunyauka, ndipo ukali unapungua. Msimu ukiisha, pogoa matawi yaliyokwisha kuzaa, maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya.